Sentimita Sitini za Mkia

Jumatatu, 3 Machi
Mkia wa ndege aliyoiunda Wycliffe umekatwa sentimita sitini. Kasema mwenyewe, fundi wa mageti hapa Kawangware, bila kuulizwa. Mabawa yanafunguka, mwili haufunguki, na kutoka karakanani haukupita kona ya posho mill, kile kinu cha unga. Akakata, akachomelea. Jumamosi anairusha uwanjani Kibera, upande wa Olympic. Siku hiyo niliitangaza mimi, gazetini.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia mhandisi mstaafu wa ndege. Bawa lililopinda mgongo, likishika kasi, huinamisha pua. Mkia hukandamiza nyuma ili pua isizame. Ukiwa mfupi, unashindwa. Akauliza urefu wa kwanza. Mita mbili na nusu. Akapiga hesabu. "Asiruke."
Nimeliandika neno hilo. Sikuhisi kitu.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia Wycliffe. Amecheka. "Buda, wewe ni wa kalamu. Kuchomelea niachie mimi."
Vijana wa nje wakadakia: "Kapteni, Jumamosi tunakushangilia ama tunakuzika?"
"Yote mawili," akawajibu. "Bora mlete soda."
Nimerudi nyumbani Ayany kwa miguu. Nimeshaandika ajali mbili za ndege. Sentensi ya kwanza ya hii ya tatu imejipanga yenyewe kichwani. Haikunishtua. Ilipaswa.

Alhamisi, 6 Machi
Mhariri anataka picha ya Wycliffe akiwa hewani. Nimesema sawa.

Ijumaa, 7 Machi
Kazi yangu ni kuuliza, si kuzuia. Leo nimezuia.
Karakanani kulikuwa na geti jipya, limeshafungwa kwenye nguzo. Nikaliegemea katikati, yeye akiwa upande wa pili, nikamwambia alisukume karibu na hinji. Alisukuma hadi shingo ikatoka mishipa. Halikusogea. Nikamwambia asukume kwenye komeo. Kwa mkono mmoja alinirudisha hatua mbili.
Akalitazama geti. Akautazama mkia. Mkia mfupi ni mkono ulio karibu na hinji.
"Si ungeanza na geti, buda."

Jumamosi, 8 Machi
Uwanja ulijaa. Wycliffe alikuja bila ndege. Akawaambia mkia ni mfupi, ameukata vibaya, haruki. Walimzomea. "Kapteni wa mageti!" Alisimama palepale hadi wakachoka. Soda walikunywa wenyewe.
Nimetuma aya tatu. Mhariri hajajibu.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala hadi saa nne. Mvua kidogo.
Wycliffe amepiga simu. Mkia unarudi urefu wake, safari hii kwa bolti, ili upite kona ukiwa vipande viwili. Kesho saa tatu asubuhi. Nitashika tepu ya kupimia.