Maiti wa Shangazi

Jumatatu, 3 Juni
Shangazi amefika sura ya mwisho. Riwaya ya kumi na mbili, na zote muuaji yumo ndani ya treni. Mchapishaji kapiga simu tena: wasomaji wamechoka na reli, safari hii muuaji akimbie kwa gari. Gari! Shangazi alicheka hadi akapaliwa. Kwenye gari unashuka ukitaka, akasema. Kwenye treni unakaa na muuaji mpaka stesheni. Nani mwingine angewaza hivyo?

Jumatano, 5 Juni
Aibu! Shangazi haui mtu kitabuni kabla hatujajaribu ndani ya treni. Mimi ndiye maiti — kazi yangu tangu nimalize shule, pamoja na kumpigia chapa. Leo nimelala chini ya kiti, skafu shingoni, macho wazi. Mama mmoja akafungua mlango. Yowe! Akavuta breki ya dharura, treni nzima ikasimama porini. Mkaguzi wa tiketi akaja mbio. Vumbi likanishinda, nikapiga chafya.
"Bi Reli," akamwambia Shangazi, "maiti wako ana mafua."
Tulipofika, mkuu wa stesheni hakucheka. Tumepigwa marufuku kupanda.

Ijumaa, 7 Juni
Hajaandika hata neno. Kapanga viti vya sebuleni kama behewa, kakaa dirishani. "Havitikisiki," akasema. Hajui kama muuaji wake, daktari, anaweza kupita kwenye ujia na mkoba treni ikikata kona. Mchapishaji anasema sura isipofika Jumatatu, atampa mtu mwingine aimalizie. Kitabu chake! Nilimwambia baada ya chai. Akarudisha macho dirishani. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona amezeeka.

Jumapili, 9 Juni
Tumo ndani ya treni! Mkaguzi katuombea — kumbe kasoma vitabu vyote. Sharti la mkuu wa stesheni: maiti awe mtu wa reli. Basi mkaguzi mwenyewe kalala chini ya kiti, kofia usoni, raha tupu.
Magoti ya Shangazi yamegoma. "Nenda wewe, mwanangu. Leo uwe muuaji."
Nikaenda na mkoba. Kwenye kona ukanibana mlangoni, nikakwama kama kizibo. Nikarudi: Shangazi, daktari hapiti. Ila kuna mwingine kitabuni anayepita, tena bila kugusa ukuta.
Kanitazama. Kanisogezea karatasi na kalamu yake, ile asiyomwazima mtu.
"Nani?" sauti ikatoka chini ya kofia.
"Maiti haulizi," Shangazi akamjibu, macho bado kwangu.
Treni imesimama stesheni. Nami bado naandika: mkaguzi wa tiketi akafunga mlango —