Leseni ya Boti ya Baba

Kaka yangu,

Huku tupo tu. Kikohozi cha Mama kimepungua, na paa la jikoni tumeliziba.

Uliuliza habari za leseni. Mimi na Baba tulifanya mtihani siku moja. Nimefaulu. Yeye aliyenifundisha kushika usukani alishindwa kusoma maswali. Msimamizi akamwambia, "Mzee, bila leseni huruhusiwi kuendesha boti."

Leo nimevusha abiria mara nne. Baba alikaa kati yao. Tulipokaribia mwamba nikamwona akikunja mkono, kana kwamba kashika usukani. Tulipofika ng'ambo, mama mmoja akamuuliza, "Mzee, kwani huteremki?"

"Siendi popote," akajibu. "Namsindikiza nahodha."

Nimechoka, Kaka, na si kwa kazi. Ukipata likizo, njoo ukae naye.

Mdogo wako