Nadhir bin Thuwaini na Kiti cha Katikati

Mwaka umetimia, Nadhir, tangu siku ile ulipotoka skuli, ukala wali wako, ukasema unajinyoosha kidogo mpaka alasiri. Alasiri ikaadhiniwa, wewe kimya. Nyumba nzima ilikuja kukuamsha, mmoja baada ya mmoja, na hukumjibu mtu.

Aliyeshika kalamu ni binti yako Azza. Sisi wengine tumemzunguka hapa ndani tunamsahihisha, kila mtu na lake, jambo ambalo wewe ulikuwa ukitukataza.

Ulisomesha Kiingereza, na watoto wote wa Ibra, mji wetu huu wa Oman, waliopita mikononi mwako wanaijua historia ya bendi moja ya Uingereza kama wanavyozijua nasaba zao. Maana mifano yako yote ulikuwa ukiichota huko. Mpiga dramu alichelewa, mpiga dramu amechelewa, mpiga dramu angalichelewa. Wakaja wakaguzi kutoka Muscat, wakawakuta wanafunzi wako wanagombana nani alijiunga na bendi mwanzo, Gwen au Peter. Ulicheka wiki nzima.

Nyumbani historia hiyo ilikuwa kila Ijumaa, kahawa ikishamiminwa. Bibi Mabruka, mama yako, atakuuliza tuanzie wapi leo, nawe unaanza palepale: mwaka wa sitini na nane, mji wa Leeds, uani mwa duka la baiskeli. Vijana wanne, bendi yao inaitwa Osier Lane. Peter na nduguye Hugh na magita ya umeme, Alan na dramu zake, na Gwen muimbaji. Walizichukua nyimbo za mabibi zao, za mavuno na maharusi na mabaharia waliozama, wakazitia umeme. Wazee wakanuna kwa kelele, vijana wakanuna kwa ukongwe wa maneno. Na kila mara Bibi alitaka kujua: ati hao mabibi waliombwa ruhusa? Nawe unamwongezea kahawa, mwaka baada ya mwaka.

Wewe ulipanga chumba juu ya duka lile, unasomea ualimu. Ukateremka siku moja kuwaomba wapunguze sauti kwa ajili ya mtihani, ukapanda juu umeshawaahidi kuwapigia fidla yako. Hapo ndipo tulipopapenda sote. Fidla ile uliitoa Unguja, kwenye kilabu chenu cha taarab, na nyuzi zake ulizifunga kwetu-kwetu, si Kizungu, ili zilie kama mtu. Hugh akadhani umekosea, akataka kukurekebishia. Gwen akamwambia atie mikono yake mfukoni. Santuri yao ya pili, ya mwaka wa sabini na moja, mlio wake wote umetokana na nyuzi hizo.

Tukifika mwaka wa sabini na tatu, historia inakatika. Bendi imealikwa Amerika, gari imepakwa rangi mpya. Halafu? anauliza mwanao Marhoun. Halafu kahawa imepoa, halafu nani anakwenda kuangalia zamu yetu ya maji ya falaj, ule mfereji wa mashamba, halafu wewe umeshasimama.

Tungefanyaje? Tukajijazia wenyewe. Mkeo Turkiya kwa miaka alimwonea wivu Gwen, na tusifichane, santuri yao moja iliyosemwa imeanguka ikavunjika, haikuanguka. Marhoun alisema ni mambo ya viza. Lakini Bibi Mabruka yeye alikuwa na ushahidi wake.

Binamu yako alikuletea kutoka London santuri yao ya tatu. Kwenye jalada wamekaa wote wanne vitini, na katikati yao kiti cha tano, kitupu. Bibi alikitazama mara moja tu ikamtosha. Kilabuni kwenu Unguja, mpigaji akifukuzwa kwa utovu wa adabu, kiti chake hakiondolewi. Kinaachwa wazi katikati ya wenzake, kila aliyekuja kusikiliza akione na ajue.

"Wamekufukuza," alikwambia. "Umefanya nini, Nadhir?"

Nawe, hodari wa maneno kwa lugha tatu, ukainamisha uso, ukasema, "Yameshapita, mama."

Basi akaamini. Miaka yote iliyofuata alikuuliza ulifanya nini, mara kwa utani, mara kwa uchungu hasa. Fidla alikuruhusu uipige chumba cha ndani tu, na blanketi chini ya mlango majirani wasisikie, maana mtu ajionyesheje kwa kitu kilichomfedhehesha? Ukatii, mtu mzima na mvi zako. Na wageni akiwaambia kuwa ulirudi kwake huna pa kwenda, akakupokea. Ulikuwepo, unasikia, unawamiminia kahawa.

Mwezi wa nne baada ya kukuzika, Mzungu mmoja, mnene, kipara, alikuulizia sokoni duka kwa duka mpaka akaletwa mlangoni. Alikuwa Alan wa dramu. Bendi ilikuwa imeshavunjika, yeye kapata kazi Muscat, na jambo la mwanzo alilofanya ni kukutafuta. Marhoun akamwambia. Alikaa palepale barazani, akalia bila ya kujificha, na sisi tukalia upya.

Alipokwisha kunywa kahawa, Bibi Mabruka akamwita Azza atafsiri. Hakutaka mengi. Alitaka aulizwe mwanawe alikosa nini.

Alan hakufahamu. Azza akaleta jalada, akamwonyesha kiti. Ndipo Alan akatuhadithia kile kipande ulichokuwa ukikiruka.

Mwaka ule wa sabini na tatu ulikuja Oman kwa wiki mbili tu, kumwona mama yako aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka Unguja kwa njia ya Dubai. Kisha ukawapigia simu kutoka Muscat, na aliyeipokea ni Alan. Maneno yako anayakumbuka: "Mama yangu hana wa kuzungumza naye. Tafuteni mtu mwengine."

Hawakumtafuta. Walikwenda Amerika bila ya fidla. Kiti chako wakakibeba garini, wakakiweka jukwaani kila walipopiga, na Gwen hakumruhusu mtu hata kutundika koti juu yake, mpaka bendi ikafa. Kwao, alisema Alan, kiti huachiwa mtu anayengojewa.

Sote tulikuwa tunaukumbuka mwaka ule, au tumeusikia. Bibi yumo Ibra, nchi ya babu zake, Kiarabu hakijui. Wanawake wa falaj wakamdhania kiziwi. Samaki anamnunua kwa kumnyooshea kidole. Ukaja, ukamkuta hivyo, ukaomba kazi ya skuli.

Bibi Mabruka aliliweka jalada mapajani, akakifunika kile kiti kwa kiganja chake.

"Mwambie hakikuwa kitupu," alisema. "Nilikikalia mie."

Azza alishindwa kutafsiri. Hatujui mpaka leo Alan alifahamu nini, ila alimwinamia Bibi kichwa.

Sasa, Nadhir, mbona hukusema? Sababu tunaijua, si wajinga, lakini tungependa kuisikia kinywani mwako. Kuna mengine pia tunataka kukuuliza. Ulijuta? Ukisomesha yule mpiga dramu aliyechelewa, ulikuwa unamwona? Tunakuuliza tukipika, tukiwa njiani kwenda Wadi Bani Khalid na kaseti yako ya Osier Lane ndani ya gari, na hutujibu.

Blanketi la mlangoni limerudi kitandani. Kila Ijumaa Bibi anaamrisha santuri ya pili ipigwe majlis, chumba cha wageni, mlango wazi, na mpita njia asikie. Historia anaihadithia yeye. Miaka anaichanganya, Leeds anaiita Lindi, lakini kwenye sabini na tatu hasimami. Turkiya amekubali kwamba Gwen ana sauti.

Unakumbukwa na mama yako Mabruka, mkeo Turkiya, wanao Azza na Marhoun, wanafunzi wako wa Ibra, na wenzako wa bendi, Alan, Gwen, Peter na Hugh. Mwenyezi Mungu akurehemu.

Bibi Mabruka anataka liandikwe na lake, na Azza asilitengeneze: "Nadhir mwanangu, hukufukuzwa, nilikuuliza bure. Radhi zangu unazo, zote."

Hatukusahau, daima dawamu.