Wifi Ameukata Mwasumini wa Marehemu Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia, maana kwa hasira niliyonayo hata cherehani nimeshindwa kuikanyaga tangu asubuhi.

Mimi ni fundi wa nguo, mume wangu ni fundi wa magari, na tulikuwa tunaishi vizuri tu na wifi yangu, mdogo wake wa kike, ambaye ni msusi na wateja wake anawasukia kwenye baraza letu, mpaka likaja suala la mwasumini. Marehemu mama alinipa mti huo ukiwa kijiti tu ndani ya kopo la maziwa, nikaupanda nyuma ya nyumba chini ya dirisha la chumba changu cha kushonea, ukatambaa ukuta mzima, na ukichanua harufu inaingia ndani mpaka wateja wanasahau kunigombeza kwa kuwacheleweshea nguo, na mimi nikiinusa naona kama mama yuko chumba cha pili.

Sasa mshauri, msimu huu maua hakuna, vitumba vinadondoka kabla havijafunguka, majani yamekuwa ya njano na mengine yamepakwa kitu cheusi kama masizi ya sufuria, ukiyashika yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka kama kuna harusi huko juu. Nikamwagilia asubuhi na jioni, nikaongeza mbolea, wapi! Nikaanza kumtazama wifi kwa jicho la pembeni, nikamuuliza maji ya kuoshea nywele anamwaga wapi, akanijibu, “Wifi, mimi namwaga kwenye mtaro wa mbele, kila mtu ananiona.” Lakini moyoni nilishamhukumu.

Juzi narudi kutoka kununua vitambaa nakuta mti umekatwa mpaka usawa wa goti, matawi yamelundikwa pembeni, na yeye kasimama na panga mkononi jasho linamtoka, ananiambia, “Usishtuke, wifi. Ulikuwa unakufa, nimeukata uchipue.” Eti nisishtuke! Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka, nikamwita mchawi, nikamtupia begi lake nje. Mume wangu alikuwa palepale nyuma anafua ovaroli kwenye beseni kama kawaida yake, hakuinua hata kichwa, alisubiri dada yake aondoke analia ndipo akasema, “Wanawake mna mambo,” na tangu hapo hajanisemesha. Mama mkwe naye kapiga simu, nisipomrudisha mwanawe nijue pa kwenda.

Je, nimrudishe mtu aliyeukata mti wa mama yangu? Na mti wenyewe utapona?

Fundi Mwenye Uchungu

*

Fundi, pole kwa mama, na pole kwa mti. Pole zangu zimeishia hapo.

Kile cheusi si uchawi. Ni vidukari, wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani na kufyonza utomvu. Wanaacha majimaji matamu yanayonata, ukungu mweusi unaota juu yake, na sisimizi wanakuja kulamba. Mti uliofikia hali hiyo hukatwa. Wifi yako amefanya ambacho ningekuagiza ufanye mwenyewe. Kosa lake ni kutokuuliza, na kumbukumbu ya marehemu haiguswi bila ruhusa. Hilo mwambie, ila kwa sauti ya binadamu.

Na wewe, maji asubuhi na jioni, unafuga mti au samaki? Mizizi ikikaa kwenye tope inaoza, majani yanageuka njano. Kuurundikia mbolea mti mgonjwa ni sawa na kumlazimisha mgonjwa wa tumbo amalize sinia.

Sasa njoo kwenye lililonikasirisha kweli. Mumeo anafua ovaroli palepale nyuma, kama kawaida yake. Ovaroli ya fundi wa magari! Maji yale ya oili, grisi na sabuni anayamwaga wapi? Wifi ulimhoji kama polisi, beseni lililo chini ya dirisha lako hukuliona. Chimba udongo wa shinani uunuse. Ukinuka gereji, umempata mchawi wako. Sijui kama alijua anachokifanya. Ila alimsikia dada yake akitukanwa, akaendelea kusugua nguo. Mwanamume mzima!

Kwangua shina kidogo kwa kucha. Ukiona kijani ndani, mti uko hai. Ondoa udongo wenye oili, weka mpya uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Usimwagilie mpaka uchomeke kidole na kukuta pakavu. Machipukizi yakitoka, kagua chini ya majani, na ukiona wadudu nyunyizia maji yenye sabuni kidogo jua likishapoa. Beseni lihame leo hii.

Kisha mpe mumeo ule udongo aunuse, umwambie mama mkwe ukweli kabla hajapiga simu tena, na mwende wote wawili kumchukua wifi yako. Usimtumie ujumbe wa simu. Mrudishe mpaka uwanjani pale majirani walipokusikia, na hapohapo umwombe radhi. Matusi uliyatoa nje. Msamaha usiuombee chumbani.