Karatasi Iliyotaja Daraja

Hamadi, kapiteni wangu,

Salamu nilikutolea juzi kaburini, kimoyomoyo, kwa sababu Amina mkeo alikuwa amesimama karibu nami na kuna mambo siwezi kuyasema mbele yake. Haya ndiyo ninayokuandikia.

Nimerudi Buyenzi. Unajua nilivyoapa kwamba sirudi. Lakini Uvira nako, huko ng'ambo ya mpaka, kumewaka. Risasi zilitoboa paa la shangazi yangu, na jirani yetu alichinjwa mlangoni kwake akiwa bado ameshika birika la kutawadhia. Nikasema kama ni kufa, nife karibu na watu wanaolijua jina la baba yangu. Nikafunga nguo mbili kwenye kanga, nikaja.

Unakumbuka tulivyoanza huu wazimu wetu? Wewe ulikuwa fundi wa magari, mimi mpiga taipu katika duka la Mwarabu kule Rohero, na timu yetu ya voli ilikuwa na watu wa Buyenzi na watu wa Mutanga Nord, ng'ambo ya mto Ntahangwa. Kabla ya vita hakuna aliyeuliza nani ni nani. Aliyeruka juu ndiye aliyepangwa. Vita vilipoingia, kumweka mtu benchi kukawa sawa na kumtukana mama yake, na ndugu zake walikuja kuuliza sababu wakiwa na mapanga. Nyumba yetu ilipochomwa nikakimbilia Uvira, na haukupita mwezi ukanitumia maneno kwa Mama Zuhura, yule muuza ndagala aliyekuwa akivuka mpaka kila wiki:

"Sekretere, mi siwezi kuchagua watu hapa. Nikiacha mutu mumoja inje, kesho wananichoma na watoto. We uko mbali. Panga we."

Basi nikawa sekretere wa timu nikiwa nchi nyingine. Uliniletea habari za nani anaumwa goti na nani amekimbia, nami nikapiga taipu: majina, saa, mahali pa kukutana, barua za kuomba kiwanja, barua za kuahirisha mechi kila mji ulipofungwa. Mama Zuhura alizificha chini ya samaki. Ukanirudishia kejeli zako kwamba karatasi zangu zinanuka ndagala na wachezaji wanazisoma huku wakimeza mate. Nilicheka peke yangu mpaka shangazi akadhani nimechanganyikiwa.

Na nilijivuna, Hamadi. Wacha niseme. Nilijiona mwenye haki kuliko kadhi. Nikaweka sheria yangu: nakala moja ukutani kwa gereji yako, nakala ya pili moja kwa moja Mutanga Nord, kwa Dezire, yule mwalimu wa hesabu. Nilikataa zote zipitie kwako, asije mtu akasema upande mmoja umejua kwanza. Wewe ulilalamika mara moja tu, ukaacha. Ungeendelea kulalamika! Ulikuwa mbishi kwa kila kitu, kwa nini hilo ukaliacha?

Karatasi ya mwisho niliandika: Jumamosi, saa tisa, darajani.

Daraja nililokuwa nalo kichwani lilikuwa na mama anayeuza karanga, na wewe umeegemeza baiskeli yako ukingoni, wavu begani, unatusimanga kwa kuchelewa. Sikujua kwamba wiki hiyo vijana wenye mapanga na maguruneti walikuwa wamekaa pale, na kila anayepita anatazamwa usoni, kisha anaachwa au haachwi. Kila mtu mjini alijua. Mimi niliyeandika ndiye sikujua.

Mama Zuhura alinifikia Jumatatu na kikapu kitupu. Alipomaliza kusema nikamzaba kofi. Mtu mzima, umri wa mama yangu. Akakaa chini, akaniambia, "Nipige tena, mwanangu, kama inakusaidia." Nilimwomba radhi siku ileile. Kisha nikachukua mchi, nikaiponda mashine ya taipu mpaka herufi zikatawanyika sakafuni. Ndiyo maana barua hii ni ya mkono, na mwandiko wangu unaujua, nisamehe.

Dezire amenisimulia ulivyokufa. Nilimlazimisha aseme yote. Walikuwa watatu wakishuka kuelekea darajani, nakala yangu mfukoni mwake. Wakakuona umesimama katikati ya daraja na wavu begani, unapunga mikono yote miwili: "Rudini! Apana mechi! Rudini!" Wakageuka, wakakimbia. Wale vijana wakakuuliza unamwonya nani. Jiwe la kwanza likakuvunja taya. Wakakuviringishia wavu wetu mwili mzima, ukawa kama samaki mukeke aliyenaswa, wakakukata ukiwa humo ndani. Dezire alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta. Anasema ulichukua muda mrefu. Waliokuosha hawakuweza kuutoa wavu, umeingia ndani ya majeraha, mpaka Amina akaja na kisu cha jikoni akaukata mwenyewe, kamba moja baada ya nyingine.

Mmoja wa vijana wale anauza makaa siku hizi, si mbali na gereji yako. Wiki iliyopita nilijikuta nimesimama mbele yake na jiwe mkononi. Aliliona. Nilitaka kumvunja taya hiyohiyo, upande uleule, nisikie mlio wake. Mkono ukanitetemeka mno, nikaliangusha. Usidhani ni wema. Kama mkono wangu ungetulia, ningempiga.

Sasa sikiliza yaliyonifanya nikuandikie. Waliobaki wanataka kucheza tena. Juzi Dezire alikuja akasema, "Sekretere, tupangie ya Jumamosi." Nikamfukuza kwa matusi ambayo hujawahi kuyasikia kinywani mwangu. Nikamwambia wakatafute mtu ambaye karatasi yake haiui. Akaondoka akiwa ameinamisha kichwa, na nadhani ndiye aliyekwenda kumwambia Amina.

Amina akaja. Hakuketi. Akanipa karatasi iliyokunjwa, imeshika oili ya gereji: ile nakala ya ukutani. Neno "darajani" limekatwa kwa penseli, na juu yake, kwa ule mwandiko wako wa kuku, "kwangu".

Kumbe uliirekebisha saa ileile ilipofika. Watu wa Buyenzi wote walikutana nyumbani kwako, wakapewa chai, na wote wako hai. Wasiojua ni wale watatu tu, kwa sababu ya nakala yangu ya haki. Amina anasema uliuchukua wavu ili Dezire na wenzake wakutambue kwa mbali, ukawaambia waliokuwa wanakunywa chai, "Mi nakwenda kurudisha wale wa Mutanga. Musimulaumu Sekretere, yeye yuko mbali."

Heri ungenilaani, Hamadi! Ungenitukana mbele yao wote, ningejua pa kuuweka mzigo huu. Umekwenda kufa kwa kosa langu, na kabla hujatoka ukanitetea. Nimelia mpaka jirani akabisha mlango. Amina naye akalia, ndipo akaketi.

Leo alfajiri, baada ya swala, nikatoka mlangoni kwako kwa miguu. Nikashuka mpaka darajani. Askari wapo, wakanitazama usoni, nikapita. Katikati nikasimama pale uliposimama, nikashika ukingo. Nikaendelea hadi Mutanga Nord, kwa Dezire, nikampa mkononi nakala yake ya karatasi mpya, ya Jumamosi, nikarudi kwa njia ileile.

Wavu Amina ameufuma upya. Zile kamba alizozikata amezifunga mafundo, yanaonekana, na amekataa tununue mwingine.

Nakuahidi: sitaandika tena jina la mahali ambapo miguu yangu haijafika siku hiyohiyo. Na Jumamosi wale wa Mutanga hawatashuka peke yao. Nitakwenda kuwachukua, na mimi ndiye nitakayetangulia darajani.

Kwaheri, kapiteni. Mungu akupe nafasi kubwa huko uliko. Nakala nyingine nimeibandika ukutani kwa gereji. Mahali pa kukutana nimeandika ulivyosahihisha: kwa Hamadi.

Sekretere wako,
Mwajuma