Hesabu ya Shaba

Dada yangu,

Mama hajambo, paka kazaa. Lakini hili sijamwambia mtu: hesabu niliyompa Baba ya mashine yake ya leza nimeikosea. Nilikokotoa kana kwamba shaba humeza mwanga kama chuma, kumbe shaba iliyong'arishwa huurudisha karibu wote. Mwanga huo ukimpiga Baba machoni, atapofuka.

Naye kavua miwani ya kinga! "Hesabu za Profesa wangu ndizo miwani yangu," anawatambia wateja akinionyesha mimi, wanacheka. Nami najichekesha. Unanijua, mbele za watu sauti hainitoki.

Nyayo hizo, anakuja kuniita nikaone akiikata shaba. Sauti ikigoma, nitachomoa waya wa umeme.

Mdogo wako. Naficha karatasi, kitasa kinazun