Picha za mazishi ya mke wa Mzee Privatus

Hafidha, Mwamvita wa studio amechoka, hata chai hajanywa.

Kompyuta yake inakufa. Diski ya kuhamishia ni ndogo, akataka ahamishe picha tu, video aziache. Akatafuta picha zote, akazimwaga pamoja bila folda zake. Harusi na misiba, chungu kimoja!

Zenye jina moja, maana kamera hurudia namba, zikafutana. Kompyuta ilimuuliza kama ifute ya kwanza, akabonyeza ndiyo. Ndiyo!

Akaja Mzee Privatus kutoka Muleba, kufuata picha za mazishi ya mkewe. Ikafunguka picha ya bibi harusi anakata keki.

Mzee akasema taratibu, "Mwanangu, huyu siye."

Huyu siye, Hafidha!

Bahati kompyuta ile iliyokuwa imezimika ikawaka tena, picha za awali bado zimo. Fundi Ismael akaiandikia amri ichukue picha tu, kila moja ndani ya folda yake.

Folda ya marehemu ilipofunguka, mzee akavua kofia. Mwamvita akalia kuliko mfiwa.